Vitambaa vya Jerusha Vyaenda Mpirani

Jerusha wa Kosele hakuvumilia kitu kukaa uchi. Makochi yalivaa vitambaa mgongoni na mikononi. Meza ilivaa, redio ilivaa, na picha ya mumewe Jeff ukutani ilifunikwa pindo la maua, mzee akawa anachungulia kama bibi harusi. Jerusha alifuma kwa spoku ya baiskeli aliyoipinda ncha, na kwa kuwa spoku zilimpotea ovyo, baiskeli ya Jeff ilizidi kupungukiwa hadi ikawa inatembea kama imetoka kunywa busaa.

Jumamosi moja ya mwaka 1994 ilikuwa zamu yake kuwapokea akina mama wa kanisa. Asiyewajua hudhani huja kuomba. Huomba, ndiyo, lakini jicho moja liko wazi, linapima vitambaa. Mara ya mwisho, kwa Edith, mke wa Mwalimu Fanuel, walikuta hata jerikani ya maji imevalishwa sketi. Edith akatangaza mbele ya wote, "Sasa tungoje tuone Mama Sammy atatuketisha juu ya nini!"

Tangu hapo Jerusha alifuma akisonga ugali, akafuma akikemea kuku, mpaka seti mpya ya maua ya waridi ikaisha, nyeupe pe. Akaifua pamoja na vitambaa vya zamani, akavianika vyote, akakimbilia sokoni kutafuta maziwa ya chai.

Aliporudi, kamba ilikuwa tupu.

"Sammy! Liz!"

Kelele zilimjibu kutoka kiwanjani nyuma ya nyumba. Wanawe walikuwa wametazama Kombe la Dunia la kule Amerika dukani kwa Suleman, kwenye televisheni ya betri ya gari, wakarudi na uchungu mmoja tu: goli lao halina wavu. Sasa lilikuwa nao. Vitambaa vyote vimeungwa, waridi kwa waridi, vinaning'inia kwenye milingoti ya mikaratusi kama pazia la ikulu.

"Wuololo! Makochi yangu!"

"Mama, usiguse," alisema Sammy, aliyekuwa kipa. "Huo ni wavu wa Amerika."

Jerusha akavunja fimbo kichakani. Lakini wageni walikuwa njiani, basi kwanza akajaribu kufumua. Akavuta uzi huku, akauma kwa meno kule. Wapi! Liz alikuwa ameunga kwa spoku ya mama yake, na maungio hayakukubali hata kulegea. Wimbo wa kanisa ukasikika langoni.

Edith ndiye aliyetangulia sebuleni. Makochi yalimkodolea sponji, yamenyonyoka kama kuku wa Krismasi.

"Mama Sammy, umehama ama umeibiwa?"

"Leo tunaombea nje," Jerusha akajibu, ulimi ukitangulia akili.

Mikeka ikatandikwa kando ya goli. Sala ilikuwa imefika kwa wagonjwa na wajane Liz alipoachilia shuti. Mpira wa makaratasi ukampita Sammy, ukazama waridini. Wavu ukavimba, ukashika, ukautema.

"Goooo!" akapiga kelele mama aliyetakiwa kusema amina.

Wote wakainuka. Edith alifika wavuni wa kwanza, akaugeuza ndani nje akitafuta kasoro, akavuta, akavuta tena.

"Yawa! Nani ameunga hivi? Hata haionekani uzi ulipoanzia."

Liz akafungua mdomo.

"Ni mkono wangu," Jerusha akamuwahi.

"Wako, Mama?" Liz akadakia. "Na hiyo fimbo umeshika ni ya kumchapa nani?"

Akina mama walicheka hadi mmoja akakaa chini bila kupenda. Jerusha naye, aliyekuwa amejikaza kama mti, akashikwa na kicheko kikamtoa machozi.

Edith hakucheka. Alimshika Liz bega. "Nyathina, mwanangu, Jumatatu uje kwangu unionyeshe."

Jerusha akaitupa fimbo vichakani. "Aende kwako? Binti yangu haendi popote. Wewe ndiye utakuja kwangu, na ubebe uzi wako."

Edith akautazama wavu, kisha akamtazama Jerusha.

"Saa ngapi?" akauliza.