Mtungi Uliovaa Leso

Kila Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, nyanya yangu alikuwa akiupaka rangi mtungi wa gesi. Rangi yenyewe ilikuwa ile iliyobaki baada ya kupaka mlango, kwa hiyo katika nyumba yetu ya Kakuyuni mlango na mtungi vilifanana daima: mwaka mmoja buluu, mwaka mwingine kijani. Rangi ikikauka, aliufunga leso kiunoni. Leso hiyo aliifua kila Jumamosi na kuifunga tena ikiwa bado mbichi, ikaukie mwilini mwa mtungi isipate mikunjo. Wageni walicheka. Yeye aliwajibu kwamba kitu kinachokupikia hakikai uchi.

Mtungi uliletwa na babu, umefungwa nyuma ya baiskeli kutoka Malindi, baada ya daktari kusema kwamba moshi wa kuni ulikuwa ukimmaliza nyanya kifua. Babu alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo Hawe, kama tunavyomwita nyanya sisi Wagiriama, hakukubali kuubadilisha. Dukani mtu hutoa mtungi mtupu akapewa mwingine uliojaa. Yeye aliupeleka kwa jamaa mmoja wa njia panda, aliyejaza mitungi nyuma ya kibanda chake bila kibali, ili arudi nyumbani na uleule.

Hayo niliyaona ya kupendeza mpaka nilipomaliza chuo Kilifi na kuanza uanagenzi katika bohari ya gesi mjini Malindi. Huko nilifundishwa kwamba kila mtungi umegongwa tarehe shingoni, na kwamba muda wake ukipita hurejeshwa ukaguliwe upya: huangaliwa kutu, kisha hujazwa maji kwa nguvu kuona kama chuma bado kinastahimili. Ulioshindwa hutobolewa, asije mtu akauhurumia na kuurudisha jikoni. Nilizipenda kanuni zile. Niliona kwamba aliyeziandika alikuwa amemfikiria mtu asiyemjua, aliyeinama juu ya jiko lake, akamtakia mema.

Jumamosi moja nilirudi nyumbani, nikaifungua leso, nikakwangua rangi shingoni kwa sarafu. Tarehe ilijitokeza. Muda ulikuwa umepita tangu nikiwa shule ya msingi. Nikamweleza Hawe yote, na maji, na kutobolewa.

"Mimi pia muda wangu umepita, mume wangu," alisema, maana ndivyo anavyonitania tangu nizaliwe. "Mimi mtanitoboa lini?"

Sikucheka. Nilimhutubia kama darasa. Nikafunga koki, nikachomoa mpira, nikautoa mtungi nje hadi upenuni.

Asubuhi niliamshwa na kikohozi. Alikuwa amerudisha mafiga matatu na kuwasha kuni, na jiko lote lilikuwa moshi mtupu.

"Chai ya leo haina tarehe," alisema, akinipa kikombe. "Kunywa, haitalipuka."

Nilikunywa nikiona aibu. Nilikuwa nimemwondolea hatari moja nikamrudisha mikononi mwa ile ya zamani, tena kwa sauti ya mtu aliyejiona ana haki. Nilimwahidi kumletea mtungi mwingine.

"Lete. Sitaupikia. Nitauwekea ndoo juu."

"Sasa wataka nini, Hawe?"

Alikohoa kwanza, mkono kifuani. "Wewe umesoma tarehe tu. Hujaupima. Kapimeni, na mimi niwepo. Babu yako alipokuwa akienda nilimshika mkono. Huu nao hauendi peke yake."

Jumatatu niliupeleka mtungi bohari, naye akafika amevaa nguo za kanisani. Mkaguzi wetu, mtu mzima mwenye maneno machache, alimpa shikamoo na kumwekea kiti. Gesi iliyobaki ilipokwisha kuondolewa, aliulaza mtungi na kuugonga kwa nyundo ndogo. Rangi ilibanduka kwa magamba, kijani juu ya buluu juu ya nyekundu, Krismasi zetu zote zikidondoka sakafuni. Haukufika hata kwenye maji. Kiunoni palikuwa na mkanda mpana wa kutu, umekula chuma vishimovishimo.

"Mbona kutu imezunguka hivyo, kama mkanda?" Hawe aliuliza.

Mkaguzi aliitazama nyundo yake. Mimi, niliyesema mengi Jumamosi, nilikuwa na jibu la kweli na sikutaka litoke kinywani mwangu.

Alilipata mwenyewe. "Leso," alisema. "Niliifunga mbichi."

"Ulikuwa ukiutunza, Hawe."

"Niliutunza ukaoza."

Mkaguzi alichuchumaa mbele ya kiti chake. "Mama, miaka yote hii mtungi huu umekupikia na hakuna aliyeungua. Kazi yake umeimaliza. Ukipenda, tukupeleke nje kabla hatujautoboa."

Hawe alikataa. Aliinuka, akaweka kiganja juu ya chuma kile kilichokwanguka, akakaa hivyo kitambo, midomo ikisema jambo ambalo hatukulisikia. Kisha akarudi nyuma hatua moja. Mtungi ulipotobolewa alinishika mkono, naye hakuwa amenishika mkono tangu nilipokuwa mdogo wa kuvushwa barabara.

Tulipofika kwenye safu ya mitungi iliyofaulu ukaguzi ili tuchague mwingine, aliniambia, "Nionyeshe hiyo tarehe inakaa wapi." Hawe hakusoma shule. Nilikichukua kidole chake, nikakipitisha juu ya tarakimu moja baada ya nyingine, naye akazitaja polepole baada yangu, mara tatu.

Nilipokwenda nyumbani likizo iliyofuata, muuza duka alinilalamikia njiani. "Hawe wako! Atoa mitungi yangu yote nje, aipapasa shingo kama mnunuzi wa mbuzi. Juzi aukataa mmoja."

"Alikosea?"

"Wapi. Ulikuwa umepita muda kweli. Nimeurudisha."

Mlango wa nyumba ulikuwa na rangi mpya ya manjano. Mtungi jikoni ulikuwa na rangi yake ya kiwandani, mkavu, hauna kitu kiunoni. Leso ilikuwa mabegani mwa Hawe.

Nililala. Asubuhi niliamka kwa mlio wa sufuria na mfuniko wake. Nilitega sikio kwa muda mrefu, nikikingoja kikohozi. Hakikuja.

"Mume wangu," aliita, "chai yapoa."