Geti Lililofungwa Kila Siku

Kwa miaka ishirini na mitatu Bwana Subiri alikuwa mshika geti pale barabara ya sokoni inapokatiza reli. Jina hilo walimpa wenye baiskeli, maana hakuwa na neno jingine la kumwambia mwenye haraka. Kibandani mwake mlikuwa na kiti, bendera, filimbi, na daftari la zamu lenye safu mbili tu: saa geti lilipofungwa na saa lilipofunguliwa.

Geti lenyewe, bomba refu la chuma, lilipindwa na lori la saruji, mafundi wa reli wakalipeleka karakana kulinyoosha. Halikurudi. Bwana Subiri akaandika barua. Reli wakajibu kwamba aliyeligonga alitoka barabarani, na barabara ni ya manispaa. Manispaa wakajibu kwamba geti ni la reli. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini tembo hawa hawakupigana. Waliandikiana kwa heshima miezi kumi na mmoja.

Muda wote huo, treni ikikaribia, Bwana Subiri alisimama katikati ya barabara, bendera mkononi, akatandaza mikono. Kisha akaingia kibandani na kuandika kwa mwandiko safi: "Limefungwa 4:10. Limefunguliwa 4:16." Kwa maoni yake hakudanganya. Safu ya "halipo" haikuwepo, na stesheni masta hakupenda safu tupu.

Asubuhi moja ya mvua kubwa, gari la mikate lilimpita ubavuni, treni ikalizoa kwa nyuma. Mikate ilitapakaa hadi stesheni. Dereva alivunjika mguu, na kabla plasta haijakauka akashtakiwa kwa kupuuza geti lililofungwa. Ushahidi: daftari.

Wakili wa reli alikuja kibandani, akalipapasa daftari kama mtoto mchanga.

"Mzee wangu, wewe ni hazina. Kesho sema kilichoandikwa, basi."

"Na wakiuliza bomba liko wapi?"

"Nani atauliza kama geti lililofungwa lipo?"

Nyumbani alimkuta mkewe akikunja nguo.

"Mama watoto, nikisema kweli wananifukuza. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

"Na usiposema?"

"Dereva anafungwa."

"Na mguu wake ule?"

"Na mguu wake ule."

"Sasa mimi unaniuliza nini, baba? Daftari niliandika mimi?"

"Nilitaka unizuie."

"Kuzuia ni kazi yako."

Kesho yake mahakamani, dereva aliketi mbele, mguu ameunyoosha juu ya benchi kama mzigo wa mtu mwingine. Hakimu akauliza, "Shahidi, geti lilikuwa limefungwa?"

"Lilikuwa limefungwa, mheshimiwa."

Wakili wa reli akatabasamu. Bwana Subiri akautazama ule mguu.

"Ila halikuwepo."

"Lilifungwaje basi?"

"Hivi, mheshimiwa." Akatandaza mikono.

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, alishika kalamu. "Kutoka kidole hadi kidole una futi ngapi?"

"Tano na kidogo."

"Na barabara?"

"Ishirini na nne."

"Hizo zilizobaki ni za nani?"

Wakili wa reli akamtazama ofisa wa manispaa. Ofisa wa manispaa akatazama dari.

Dereva akaachiwa huru. Siku ya tatu stesheni masta alimwita Bwana Subiri ofisini, akamsukumia barua: amefukuzwa kazi kwa kuandika uongo daftarini.

"Pole, mzee. Kabidhi mali ya reli, kisha uende zako. Sare, filimbi, bendera, daftari," alisoma kwa kidole, "na geti moja."

"Geti liko karakana kwenu, bosi."

"Niliwapigia. Wanasema hawajawahi kupokea kitu."

"Basi andika halipo."

Stesheni masta aliigeuza fomu huku na huku. "Hakuna pa kuandika. Bila geti hakuna makabidhiano, na bila makabidhiano hujatoka kazini."

"Kwa hiyo nimefukuzwa au sijafukuzwa?"

"Umefukuzwa. Ila bado upo." Akatazama saa ya ukutani. "Na treni ya mizigo iko njiani, mzee wangu. Nenda kafunge."