Hatua za Kwenda Chooni

Jumanne nilikuwa kwa mama mmoja wa chapati huku Soweto East, Kibera, nikingoja yangu iive, msichana akaja na tableti mkononi na beji shingoni.

"Sasa mathe. Nasomea masters ya afya ya umma. Niko na maswali kidogo tu."

Mama hakuinua macho. "Uko mwaka wa pili."

"Umejuaje?"

"Wa mwaka wa kwanza huja na mwalimu wao, wanaangalia mtaro, wanaenda. Wa pili ndio huja na maswali. Wale wa kutafuta PhD hutuma watu." Akabonyeza chapati kwa vidole. "Haya, andika. Maji nanunua kwa mtungi. Mtoto aliharisha, ndiyo. Mikono tunanawa, sabuni ikiwa."

Msichana aliandika mbio, kisha akauliza choo kiko umbali gani.

"Wa mwaka jana alihesabu hatua. Chukua zake."

"Siwezi, mathe. Kila mtu lazima akusanye zake, ama thesis inakataliwa."

Mama akashusha pumzi, akapangusa unga kwa leso. "Wewe geuza hiyo isiungue," akaniambia. Wakaondoka wakihesabu kwa sauti.

Waliporudi, hatua zilikuwa zilezile. Choo hakikuwa kimesogea.

Nimeuliza chuoni jinsi masomo hayo yalivyopangwa. Ni mwaka mmoja wa darasani na mmoja wa utafiti, kisha joho. Mwaka wa kujenga choo haumo.