Walivyonifungia Choo Bigwa

Niliitwa uani mbele ya wapangaji wote, nikafute damu yangu chooni.

Haikuwa yangu.

Naitwa Raya. Figo zangu ni mbovu, nahudhuria kliniki mjini, na nyumba nzima pale Bigwa ilijua.

Wiki ile mkojo ulianza kunichoma. Kila mara chooni, nikifika natoa vitone tu. Jambo jipya kabisa kwangu. Nikapanga kesho yake niende hospitali.

Kabla sijaenda, Martina wa chumba cha pili akakuta wekundu kwenye sinki la choo.

"We Raya! Njoo usafishe uchafu wako!"

"Dada Martina, mkojo unanichoma, ila damu sina."

"Nani mwingine ana figo mbovu humu? Unataka kutuambukiza UTI nyumba nzima?"

Mumewe, Agustino, mkulima wa mboga bondeni, siku nzima miguu majini, akadakia kutoka barazani.

"Huyu atatumaliza! Choo kipigwe kufuli!"

Bi Mwanaheri, mwenye nyumba, akamsikiliza. Kufuli likapigwa. Kila chumba kikapewa ufunguo, changu kikarukwa.

Nikamfuata. "Shikamoo mama. Sasa mimi nikajisaidie wapi?"

"Marahaba. Utajua mwenyewe."

Aisee, hasira niliyokuwa nayo!

Nikawa naomba choo kwa jirani, mpaka aibu ikanizidi. Nikaanza kubana mkojo. Maji nikaacha kunywa. Hospitali nayo nikaigomea, maana niliona nikienda watasema, mnaona, damu ni yake.

Ujinga wangu huo.

Homa ikanitetemesha, kiuno kikanikamata, jirani akanipakia kwenye bajaji.

Daktari alikuwa mkali. "Kwa figo zako, mkojo ukibadilika unakuja siku hiyohiyo! Maambukizi yamepanda mpaka kwenye figo. Tutayatibu, ila sehemu iliyokufa hairudi."

"Nimewaambukiza wenzangu chooni?"

"Nani kakudanganya? Hayaambukizwi hivyo."

Nililia pale pale kitandani, kwa uchungu wa figo zangu.

Nikaruhusiwa kurudi nyumbani. Bi Mwanaheri akanivuta pembeni, hanitazami usoni.

"Mwanangu, damu imeonekana tena. Wewe ukiwa wodini."

Nikacheka, cheko baya.

Alasiri mlango wangu ukagongwa. Agustino, macho chini.

"Dada Raya, yule daktari wako anapatikana siku gani? Nakojoa damu tangu mwezi uliopita."

Mwezi uliopita! Yaani alipokuwa akipayuka nifungiwe choo, alijua fika damu ni ya nani.

"Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa wangesema nina gonjwa la zinaa. Wewe si walishajua unaumwa?"

Nilitamani kumtwanga kibao. Nikamwelekeza hospitali, nikafunga mlango.

Kumbe ni kichocho, cha huko huko bondeni. Akameza dawa, akapona, leo anapita uani anapiga mluzi.

Mimi figo zimeshuka nguvu. Kliniki wameanza kunizungumzia mashine ya kusafisha damu.

Wewe mwenye figo kama zangu, mkojo ukibadilika usikae kubishana na watu uani. Waache na kelele zao, nenda ukapimwe.

Agustino sijamsamehe, na sitadanganya hapa ili nionekane mwema. Aliniomba radhi mbele ya nyumba nzima, tena kwa machozi. Figo zangu hazikusikia.