Fayawoli Yangu na Posa ya Dada

Nikikutana na shemeji yangu Magesa, mpaka leo natazama viatu vyake kwanza, uso baadaye, na nikiwaeleza sababu mtanicheka, lakini afadhali mnicheke nikiwa nimesimulia mwenyewe kuliko msikie kwa mama, maana yeye anaongeza chumvi.

Nilimaliza chuo, kazi sikupata, nikarudi nyumbani Buswelu, na mtu asiye na kazi mwenye kichwa kama changu hutafuta cha kuogopa. Mimi niliiogopea kompyuta ya nyumbani. Ndani yake mlikuwa na picha za familia na barua zangu za maombi ya kazi (nani angeiba barua zilizokwisha kukataliwa, hilo sikujiuliza). Kompyuta yenyewe ilikuja na fayawoli yake, yaani ile programu inayokaa mlangoni na kuchagua nini kiingie kutoka kwenye mtandao na nini kisiingie, na ilifanya kazi kimyakimya. Ukimya ule ndio ulionitia wasiwasi. Mlinzi gani hata hakohoi? Nikasoma mabishano mtandaoni siku tatu, hawa wanasema iliyomo inatosha, wale wanasema ongeza nyingine, mwisho nikapakua nyingine, ya kampuni ambayo sikuwahi hata kuisikia.

Hiyo ya pili ilikuwa na mdomo. Kompyuta ikitaka kurekebisha saa, inatangaza. Jirani akiwasha printa, inatangaza. Wiki ya kwanza nilisoma kila tangazo moyo ukinienda mbio, wiki ya tatu nikawa nabofya "zuia" bila kusoma, kama mtu anayefukuza nzi.

Ikafika siku ya posa ya dada yangu Kabula. Alikuwa amengoja miaka minne wazee wa Magesa, watu wa Musoma, wakubali kijana wao aoe Usukumani. Na baba yangu ana sheria moja: mwanaume hakanyagi nyumbani kwake kabla washenga hawajaleta neno. Mchumba wa binamu yetu aliwahi kurudishwa getini na kreti yake ya soda.

Magesa alikuja na wazee wawili, msemaji akiwa baba yake mkubwa, mzee Bwire. Shangazi yetu aliyeko Dodoma alitaka kushuhudia kwa video, kwa hiyo nikaunganisha kompyuta na televisheni ya sebuleni, sura yake ikajaa pale kama mtangazaji wa habari. Nilifikiria kuizima fayawoli kwa saa mbili. Nikafikiria tena (je, wadukuzi wakiichagua saa hiyohiyo?), nikaiacha.

Mzee Bwire akasimama. "Wazazi wetu, kijana huyu tumemlea kwa adabu. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga hapa. Hata njia tumeuliza kwa bodaboda."

Baba akatabasamu. Ndipo uso wa shangazi ukafunikwa na kisanduku chekundu, maandishi ya Kiingereza, mlio kama wa gari la zimamoto.

"Kinasemaje hicho?" baba akauliza.

Ningesema ni mtandao tu. Mtu mwenye akili angesema ni mtandao tu.

"Kinasema kuna kifaa kinataka kuwasiliana na kompyuta yetu."

"Kifaa cha nani?"

Nikabofya maelezo, jina la kifaa likatokea. "Simu ya Magesa."

"Itakuwa imejiunga yenyewe, mzee," Magesa akasema upesi.

"Imejiunga na nini?"

"Na waifai," nikajibu mimi, na kwa kuwa wasiwasi ulishanipanda nikaendelea kujiuliza kwa sauti, mbele ya wazee, imejiungaje wakati nenosiri nimelitunga mwenyewe, lina herufi kumi na sita, na nimewapa watu wa nyumba hii tu. Kabula alikuwa amesimama na trei ya juisi, akanikazia macho. Nikadhani trei imemlemea.

Nikateremka kwenye orodha, nikaona, nikafarijika kabisa. "Aa, kumbe si mgeni! Imo kwenye kumbukumbu, imeshaonekana mara kumi na moja. Jumanne, Alhamisi, Jumanne, Alhamisi..."

Jumanne na Alhamisi mama huwa Mwaloni, Kirumba, kwenye biashara yake ya dagaa, baba yuko kazini, na mimi nafundisha tuisheni ya kujishikiza Butimba. Hilo nilikumbuka nikiwa nimeshafika Alhamisi ya tatu.

Sauti ya shangazi ikatoka nyuma ya kile kisanduku: "Kumi na moja? Huyo mkwe si ameshahamia!"

Mzee Bwire akamgeukia Magesa. "Sasa wewe, tunamuuliza bodaboda njia, umekaa kimya?"

Baba hakufoka. "Wazee, chakula kipo, mtakula," alisema. "Ila neno la posa sijalisikia."

Walikula, wakaondoka. Nikaenda kugonga mlango wa Kabula. "Dada, nisamehe, sikujua."

"Alikuwa anakuja kunywa chai, Masanja. Chai! Tunakaa barazani, majirani wanatuona. Sasa nani ataamini?"

Niliing'oa ile programu jioni hiyohiyo, kompyuta ikarudi kwenye ukimya wake, na hakuna kilichoingia wala kilichoibwa.

Mwezi na nusu Kabula alipika, akafua, akanipita kama meza. Kisha wazee walirudi na mbuzi wa kuomba radhi, mzee Bwire safari hii akiwa na sentensi mbili tu, na Magesa akaamriwa abaki kwenye gari nje ya geti. Baba akaniambia nami nikakae naye huko.

Tulikaa muda mrefu. "Ile iliyokuja na kompyuta ingetosha," Magesa akasema, mara hiyo moja tu, kwa upole, na upole ule ulinichoma kuliko kofi. Nikaanza kupanga samahani yangu, nianze na "kaka" au na "shemeji", nieleze ya wadukuzi au niyaache, nikapanga na kupangua mpaka vigelegele vya mama vikasikika kutoka ndani, Magesa akafungua mlango akakimbia, nikabaki na samahani yangu mdomoni. Hadi leo sijaitoa. Ila nimejiapiza: baba akiniuliza tena mbele ya wageni kitu kimeandikwa nini, nitamwambia ni Kichina.