Mshahara wa Baba Pacha

Binti wa kaka yangu tumezoea kumwita Mbona. Alianza kuuliza kabla meno hayajamaliza kuota, na hadi leo hajapumzika. Barua ilipokuja kwamba amepata nafasi ya kusomea shahada ya usimamizi wa maliasili, kaka yangu, ambaye ni fundi viatu, alimtangazia kila mteja kama vile dhahabu imeshafika mlangoni. Wifi yangu yeye alisonya.

“Miaka minne ya mkopo ili ukahesabu miti? Miti inakwenda wapi hata ihesabiwe?”

Fomu ya mkopo ilitakiwa kurudishwa Ijumaa. Kabla ya kutia saini, Mbona alitaka kujua jambo moja tu: mtu mwenye shahada hiyo analipwa kiasi gani, na deni likishakatwa anabaki na nini. Ungedhani ameuliza umri wa mama mkwe. Chuoni walimwambia inategemea. Ofisi ya mikopo ikamwambia akaulize chuoni. Mteja mmoja wa kaka alimwambia, “Wewe soma tu, hela ipo,” naye mwenyewe alikuwa amekuja kuchukua viatu vyake kwa ahadi.

Mwisho tulikwenda kwa Baba Pacha, ofisa misitu anayekaa mtaa wa pili, mwenye shahada hiyo hiyo. Mimi nilipelekwa ili mtoto asionekane amekwenda peke yake. Mama Pacha alitumiminia chai, kisha badala ya kurudi jikoni akakaa.

“Shikamoo, Baba Pacha.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu kwenye fani.”

“Ahsante. Mbona hakuna anayetaka kuniambia mnalipwa kiasi gani?”

Baba Pacha akakoroga chai aliyokwisha kuikoroga. “Kazi yetu ni wito.”

“Wito unalipa kodi ya nyumba?”

“Kuna posho za safari.”

“Na usiposafiri?”

Mtu wa kwetu hasemi mshahara wake. Kwa mwenye shida anaupunguza, kwa wakwe anauongeza, na mkewe anaambiwa kiasi kitakachomletea usingizi. Baba Pacha alikuwa na wasikilizaji wa kila aina mbele yake, akawa hajui atoe jibu lipi.

“Mjibu mtoto,” Mama Pacha alisema. “Na mimi nasikiliza.”

“Mke wangu, haya ni mambo ya kitaaluma.”

“Taaluma gani? Una gari la ofisi, una kofia ya ofisi, nyumbani unaleta hela ya muuza nyanya. Zinazobaki anakula nani? Mtaje, mtoto amjue na mimi nimjue hapo hapo.”

Nilitazama mlango. Tulifuata jibu dogo, sasa tumegeuzwa wasuluhishi wa ndoa. Mbona hata hakusogea.

“Baba Pacha, kesho kutwa natia saini.”

Mzee wa watu akashusha pumzi. “Ni mkopo. Mkopo wa chuo. Ukiugawa mshahara wangu mafungu manne, fungu moja linakatwa kabla sijaliona. Tangu hatujaoana.”

“Si ulisema umesomeshwa na wizara!”

“Nilimwambia baba yako. Nilikuwa naposa!”

Mama Pacha alicheka hadi akajifuta macho kwa kanga, kisha akakasirika upya. “Miaka yote hii namchukia mwanamke ambaye hata hayupo!”

Baada ya hapo Baba Pacha mdomo ulimfunguka. Mshahara wa kuanzia, alisema, ni kama wa mwalimu wa shule ya msingi. Ajira yenyewe ilichelewa, na wakati anaisubiri deni lilikuwa linanenepa bila kulishwa. Alikopa ada, akakopa na ya chakula na chumba.

“Hiyo ya chumba ndiyo iliyonizamisha. Ada peke yake ningekuwa nimeshaimaliza.”

“Ungerudi nyuma, ungesoma tena?” Mbona aliuliza.

“Ningesoma. Nikiwa msituni asubuhi sina ugomvi na mtu. Ila ningekopa ada tu, nikalale kwa ndugu.”

Halafu wote watatu wakanigeukia mimi. Chuo kiko nyuma ya hospitali ninapotunza stoo, na vyumba vyangu viwili viko karibu na geti.

“Shangazi,” Mbona alisema, “mimi sikoromi.”

“Sikukuuliza.”

“Nitapika.”

“Hujui kupika.”

“Miaka minne mingi, shangazi. Nitajua.”

Mama Pacha akaniongezea chai ambayo sikuiomba. Baba Pacha, aliyekuwa akitoka jasho muda mfupi uliopita, sasa alikuwa akiusifu moyo wangu wa ukarimu. Nilikuwa bado sijasema ndiyo.

Ijumaa alitia saini ya ada tu, sehemu ya chakula na malazi akaikata kwa mstari. Kaka aliwaambia wateja wake kwamba mpango huo ameupanga yeye. Wifi alileta godoro Jumamosi, akalisimamisha mbele ya kabati langu la nguo, akaniambia nisijali, nilichukulie tu kama mgeni.

Chuo hakijafunguliwa, Mbona ameshahamia. Nilipomwambia siwezi kufungua kabati alinijibu kwamba nguo ninazozivaa zinatosha, ameziangalia. Nimemwambia anyanyue godoro. Ameuliza mbona sikusema mapema.