Taa ya Birika

Kinyozi wetu aliitwa Injinia. Jina hilo hakupewa na chuo chochote. Alijipa mwenyewe, nasi tukaliitikia, maana mtu mwenye wembe shingoni mwako habishiwi. Ukishafungwa kitambaa tu, anaanza: petroli na hewa vinaingia kwenye silinda, plagi inapiga cheche, mlipuko unaisukuma pistoni chini. Hadi hapo alikuwa sahihi. Kuanzia hapo alikuwa anatunga.

Hatimaye akanunua gari. Lilikuwa bovu kidogo kila mahali, ila yeye alisema limezoea barabara. Haukupita muda, taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani, yenye alama ya kibirika kinachodondosha tone. Mkewe, muuguzi, akauliza ni nini hiyo.

"Birika ni la nini, mama watoto? Injini inaomba maji."

Akafungua rejeta, akakuta maji tele. Basi mtaalamu akatoa uamuzi wa kitaalamu: taa ni mwongo. Akachukua plasta, zile anazowabandika wateja aliowakata kidevu, akaifunika. Taa ikanyamaza. Hata mgonjwa hunyamaza ukimziba mdomo.

Asubuhi moja akaenda kumpokea mama mkwe wake kituo cha mabasi. Mama huyo alikuwa na maneno machache, ila kila moja lilinolewa. Njiani injini ikaanza kugonga.

"Mwanangu, nani anapiga hodi huko mbele?"

"Injini inapasha misuli tu, mama."

Walipofika kwenye mwinuko, kukasikika mlio wa chuma kutafuna chuma, gari likazima. Akazungusha ufunguo, kimya. Mama mkwe akashuka, akakumbatia mkoba wake.

"Mimi natangulia. Ukifika utanikuta nimeshaoga."

Na alimkuta ameshaoga.

Gari likakokotwa hadi gereji. Fundi akachomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu kama ulimi wa mtu mwenye homa. Akabandua plasta, akaitazama alama ya birika, akamtazama mwenye gari.

"Hili si birika, ni kopo la oili, kaka. Kuna pampu inaisambaza kila mahali chuma kinapogusa chuma. Isipokuwepo, vyuma vinakulana. Vyako vimekula vikashiba."

Injini ilikuwa imenoki, vyuma vimegandana ndani. Kinyozi akarudi nyumbani kwa miguu, akakataa chakula. Mkewe alidhani anahuzunikia gari. Kumbe alikuwa anawakumbuka wateja, kichwa kimoja baada ya kingine, na ushauri aliompa kila mmoja bure.

Siku zile fundi alipoifungua injini na kuiunda upya, Injinia alifunga duka mchana akaenda kukaa kwenye tairi kuukuu, akitazama na kuuliza. Akaona jinsi pistoni zinavyozungusha mhimili, oili inakopita, maji yanakozunguka kupoza joto. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alisema "sijui," tena mbele ya watu.

Aliporudi kwenye wembe, akaanza kusema kweli. Wateja hawakufurahi. Walisema amepoteza ladha. Dereva wa teksi, aliyekuwa amepakwa povu uso mzima, ndiye aliyemchosha zaidi.

"Kabadilishe oili," kinyozi alimwambia. "Nilikudanganya."

"Ulisema oili ikikaa sana ndio inakomaa."

"Nilikuwa sijui."

"Ulikuwa unajua. Sasa ndio umesahau."

Kinyozi alikuwa amemaliza shavu moja. Akauweka wembe chini, akatoka nje, akafungua boneti ya teksi na kuchomoa kijiti. Dereva akamfuata mbio, kitambaa shingoni, nusu ya uso povu. Oili ilikuwa nyeusi na nzito kama lami, na chembe za chuma zilimetameta ndani yake.

Dereva akaigusa kwa kidole, akakipangusa kwenye kitambaa.

"Hii imekomaa," akakubali.

Akapanda teksi hivyo hivyo, akaendesha taratibu hadi gereji. Shavu la pili lilinyolewa jioni.